Nasoma sana, lakini maswali ya "umwone nani kwanza" yananiangusha

Swali

Shikamooni washauri,

Nimeshafanya mtihani wa leseni ya uuguzi mara mbili, na mara zote mbili nimeanguka kwa alama chache. Si kwamba sisomi. Viwango vya kawaida vya damu navijua kwa kichwa, na dawa pamoja na madhara yake nimeyajaza kwenye madaftari matatu. Lakini nikikutana na swali la wagonjwa wanne, umwone nani kwanza, nabaki na majibu mawili ambayo yote naona ni sahihi. Nachagua moja, nakosea.

Hili ni mojawapo. Unaanza zamu, una wagonjwa wanne: wa kwanza ana ugonjwa sugu wa mapafu na oksijeni yake ni asilimia 90, wa pili alifanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo jana, sauti yake imekwaruza na anasema bandeji inambana, wa tatu ana figo zilizoshindwa siku nyingi, potasiamu yake ni 5.6 na anasubiri kusafishwa damu leo. Wa nne ana kisukari na sukari yake ni 13. Nilimchagua wa kwanza, kwa sababu 90 iko chini na tumefundishwa hewa kwanza. Nikakosa.

La pili tulibishana na mwenzangu. Mgonjwa ametundikiwa damu, baada ya dakika 10 anatetemeka na kusema kiuno kinamuuma. Mwenzangu alisema muuguzi apime kwanza joto, mapigo, presha na upumuaji. Mimi nikasema amwite daktari. Nani yuko sahihi?

Hesabu za dawa nazo: kanuni ninazo, majibu yanatoka ya ajabu. Mtihani ujao uko wiki sita mbele. Nianzie wapi?

Muuguzi mtarajiwa

Jibu

Marahaba, ndugu yetu, na pole kwa kuanguka mara mbili. Tuanze na ubishi wenu wa damu, maana ndani yake mna karibu kila kitu unachohitaji.

Wote wawili mmekosa. Hatua ya kwanza ni kufunga kibano cha mrija na kuisimamisha damu. Kutetemeka pamoja na maumivu ya kiuno, ndani ya dakika 15 za mwanzo, ni picha ya damu isiyolingana: chembe nyekundu zinavunjwa ndani ya mishipa na himoglobini inayomwagika inakwenda kuumiza figo. Kadiri mililita zinavyoongezeka ndivyo madhara yanavyoongezeka. Mwenzako akifunga mkanda wa presha, damu inaendelea kuingia. Wewe ukienda kumtafuta daktari, damu inaendelea kuingia.

Ukishafunga, ondoa mrija wote. Hapa wengi wanateleza: wanachomeka dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwenye mrija uleule, nao umejaa damu ileile, hivyo wanamsukumia mgonjwa kiasi kingine cha kile kinachomdhuru. Weka mrija mpya moja kwa moja kwenye kanula, yaani kijimpira kilichoingia ndani ya mshipa. Kanula yenyewe usiichomoe, kwa kuwa presha ikianguka baada ya nusu saa utautafuta mshipa na usiupate. Ndipo unapima, unaita daktari, unahakiki upya jina na namba kwenye mfuko na kwenye utambulisho wa mgonjwa, unarudisha mfuko na mrija wake benki ya damu, na unachukua sampuli za damu na mkojo.

Sasa, kwa nini mwenzako alikosa ilhali kila mwalimu husema "tathmini kwanza"? Kanuni hiyo ni ya kweli pale swali halijakupa taarifa za kutosha. Hapa swali limeshakufanyia tathmini: limekupa muda, limekupa kutetemeka, limekupa kiuno. Kuendelea kupima ni kuahirisha. Kabla ya kuchagua jibu lolote, jiulize: je, nikipata kipimo kimoja zaidi, nitafanya jambo tofauti? Kama hapana, acha kupima na utende.

"Mwite daktari" nalo lina mahali pake. Ni jibu sahihi pale ambapo yaliyo mikononi mwako umeshayafanya, au hakuna linaloweza kufanywa na mikono yako. Mama amejifungua, anatoka damu nyingi na mfuko wa uzazi ni laini kama sponji: mkono wako uko pale pale, unausugua mfuko hadi ukaze, huku ukiita msaada kwa sauti. Ukiukuta mfuko umepanda juu ya kitovu na umeegemea kulia, kibofu kimejaa. Mwondoe mkojo, la sivyo utasugua bila mafanikio. Kamba ya kitovu ya mtoto ikitangulia kutoka, unaingiza mkono wenye glavu na kukiinua kichwa cha mtoto kisiibane kamba hiyo, na mkono huo hautoki. Anayekwenda kuita ni mtu mwingine.

Kinyume chake ni mgonjwa mwenye plasta ngumu mguuni. Amepewa dawa ya maumivu, maumivu yanazidi, na ukimnyoosha vidole vya mguu anapiga kelele. Presha inapanda ndani ya misuli iliyofungiwa. Mguu unauweka usawa wa moyo. Ukiuinua juu zaidi, damu ya kuulisha inapungua. Kinachomwokoa ni daktari kuja kuufungua sasa hivi, kwa hiyo kuita ndilo jibu. Usisubiri mapigo ya mguuni yapotee. Hiyo ni dalili ya mwisho, na watunga maswali huiweka kama chambo kwa anayetafuta dalili "nzito".

Turudi kwa wagonjwa wako wanne. Kosa lako ni kwamba ulisoma namba, hukumsoma mwenye namba. Tisini ni chini kwa mtu mwenye mapafu mazima. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, lengo la kawaida ni 88 hadi 92, kwa hiyo huyu yuko pale anapotakiwa kuwa, na ukimwongezea oksijeni kwa hofu unaweza kumfanya alundike hewa chafu ya kaboni na kusinzia. Potasiamu ya 5.6 inahitaji macho, lakini ni jambo linalotarajiwa kwa figo zilizochoka siku ya kusafishwa damu. Huyo ndiye wa pili kumwona, ukiwa na kipimo cha umeme wa moyo mawazoni. Sukari ya 13 haitamwondoa mtu ndani ya dakika tano.

Wa shingo ndiye unayemwona kwanza. Sauti kukwaruza kidogo siku ya kwanza ni kawaida, kwa sababu ya mpira uliopita kooni wakati wa upasuaji. Neno lililobeba swali zima ni "inambana". Bandeji haikujibana yenyewe. Shingo ndiyo inayovimba chini yake, na damu inayokusanyika pale inaisukuma njia ya hewa. Ukifika kitandani utaikuta bandeji ya mbele kavu na safi, na hapo wengi hutulia. Usitulie. Mgonjwa ameketi nusu, damu inafuata mvuto kwenda chini na nyuma, kwa hiyo pitisha mkono nyuma ya shingo na chini ya mabega uhisi kama shuka limelowa. Sikiliza kama anatoa mlio anapovuta hewa ndani. Mwinue kichwa, andaa oksijeni na mashine ya kunyonya makohozi, hakikisha seti ya kutoboa koo iko pembeni ya kitanda, na ita timu ya upasuaji bila kuondoka. Hatari ya pili ya mgonjwa huyu kwa kawaida huja ndani ya siku moja hadi tatu: ganzi kuzunguka midomo na ncha za vidole, misuli kukakamaa, kwa sababu vitezi vinavyotunza kalisiamu viliguswa. Ndiyo maana kalisiamu glukoneti nayo hukaa tayari.

Kwa hiyo unapolinganisha wagonjwa, tafuta mambo mawili: kipi kinatarajiwa kwa ugonjwa huu, na kipi kinabadilika sasa. Kinachobadilika bila kutarajiwa hushinda namba mbaya iliyozoeleka. Mgonjwa wa pumu aliyekuwa anapiga miluzi kifuani, sasa kifua kiko kimya na anasinzia, hajapata nafuu. Hewa haipiti tena ya kutosha hata kupiga mluzi. Mzee aliyeumia kichwa, saa iliyopita alikuwa anajibu vizuri, sasa anauliza yuko wapi: fahamu kubadilika hutangulia kila kitu kingine, muda mrefu kabla mboni haijapanuka.

Hapa pana jozi moja ambayo tungependa uishike mpaka uweze kuieleza usingizini. Mtu anayepoteza damu: mapigo yanapanda, presha inashuka, pengo kati ya presha ya juu na ya chini linasinyaa. Mtu ambaye presha ya ndani ya fuvu inapanda: mapigo yanashuka, presha ya juu inapanda, pengo linapanuka, na upumuaji unakosa mpangilio. Ni kinyume kabisa. Ukikuta 178 juu ya 70 na mapigo 50 kwa mtu wa ajali ya kichwa, usimfikirie kama mgonjwa wa presha ya kawaida. Mwili unapandisha presha makusudi ili damu ipenye kwenye ubongo uliobanwa, na moyo unapunguza mwendo kwa kuitikia presha hiyo.

Kuhusu dawa, madaftari yako matatu hatuyapuuzi, ila orodha ya madhara haifundishi kuamua. Kwa kila dawa ya hatari jifunze mambo matatu tu: unakagua nini kabla ya kutoa, nini kinakufanya uizuie, na dawa gani inaitegua. Magnesiamu salfeti kwa kifafa cha mimba, kwa mfano. Kabla ya kila dozi unagonga goti, unahesabu pumzi, unatazama mkojo. Kwa nini goti? Kwa sababu refleksi, yaani mguu kuruka wenyewe goti likigongwa, hupotea kabla upumuaji haujalemewa, kwa hiyo goti linakuonya mapema. Kwa nini mkojo? Kwa sababu magnesiamu hutoka kwa njia ya figo. Mkojo ukiwa chini ya mililita 30 kwa saa, dozi inayofuata inajilundika juu ya iliyopita. Kitegua ni kalisiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, kwa mshipa polepole.

Au digoksini, dawa ya moyo. Unasikiliza moyo wenyewe kwa stetoskopu dakika nzima, na kwa mtu mzima ukipata chini ya 60 unaizuia na kutoa taarifa. Mgonjwa akikataa chakula, akatapika na kuona rangi ya njano kuzunguka taa, dawa imezidi. Anayekunywa pia furosemaidi, dawa ya kukojoza, yuko hatarini zaidi, kwa kuwa furosemaidi inamwaga potasiamu kwenye mkojo, na digoksini na potasiamu hugombea nafasi moja kwenye seli za moyo. Potasiamu ikipungua, digoksini inashika nafasi nyingi, na dozi ileile ya jana inakuwa sumu leo. Ukielewa ugomvi huo hutahitaji kukariri kwamba potasiamu hukaguliwa kabla ya digoksini.

Potasiamu yenyewe, kawaida 3.5 hadi 5.0, haichomwi kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa, kamwe, kwa kiwango chochote na kwa amri ya yeyote. Inasimamisha moyo. Huchanganywa kwenye dripu, mfuko unageuzwageuzwa ili isitulie chini ikaingia yote mwanzoni, na kabla ya kuanza unahakikisha mgonjwa anakojoa. Kwa kisukari chenye asidi nyingi mwilini, kumbuka mpangilio: maji ya chumvi kwanza, halafu insulini ya haraka kwa mshipa, na potasiamu ikifuatiliwa kwa karibu kwa sababu insulini inaiingiza ndani ya seli. Potasiamu ikiwa tayari chini ya 3.5, insulini inasubiri hadi irekebishwe. Swali litakuonyesha sukari ya kutisha na potasiamu ya 3.0 mstari wa tatu, likitaraji utaangalia sukari peke yake.

Hesabu. Majibu yako "ya ajabu" yana sababu, na mara nyingi ni mojawapo kati ya nne: saa badala ya dakika, kusahau ujazo wa chupa, kuchanganya dozi ya siku na dozi ya mara moja, au kufupisha desimali katikati ya hesabu badala ya mwishoni.

Dripu ya lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Ukisahau kubadili saa utapata 2500. Ndiyo sababu tunakuomba uione dripu kabla ya kuandika jibu: 42 kwa dakika ni matone 7 kila sekunde 10, kitu ambacho jicho linaweza kuhesabu. Matone 2500 kwa dakika hayawezi kudondoka. Hayo ni maji ya bomba.

Mtoto wa kilo 14, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, dawa ya maji yenye miligramu 120 kwenye kila mililita 5. Dozi ni miligramu 210. Kabla ya kugawanya, jiambie: mililita 5 ni 120, mililita 10 ni 240, kwa hiyo jibu langu liko kati ya 5 na 10, karibu zaidi na 10. Sasa piga: 210 gawanya kwa 120, mara 5, ni mililita 8.75. Aliyesahau ile 5 atapata 1.75, aliyegeuza juu chini atapata 2.86, na majibu yote mawili utayakuta kwenye machaguo yakikusubiri. Makadirio uliyofanya mwanzo ndiyo yanayokuzuia kuyagusa.

Amri ikisema "miligramu 40 kwa kilo kwa siku, igawanywe mara 2", mtoto wa kilo 15 anapata 600 kwa siku, lakini mkononi mwako unashika 300. Piga mstari chini ya maneno "kwa siku" kila unapoyaona.

Majeraha ya moto yana mtego wa saa. Swali likitaja kanuni ya Parkland, ya kukokotoa maji ya dripu: mililita 4 mara kilo mara asilimia ya mwili iliyoungua, bila kuhesabu wekundu wa juu juu. Mtu wa kilo 70 aliyeungua asilimia 30 anahitaji mililita 8400 kwa saa 24, na nusu yake, 4200, iingie ndani ya saa 8 za mwanzo. Saa hizo zinaanza alipoungua, si alipofika wodini. Kama aliungua saa 2 asubuhi na kufika saa 4 bila dripu yoyote, zimebaki saa 6 hadi saa 10 jioni, hivyo kasi ni 700 kwa saa. Anayegawanya kwa 8 anapata 525.

Na unapoandika jibu, tanguliza sifuri: 0.5, usiandike nukta tano peke yake. Wala usiandike 5.0, maana nukta ikififia dozi imekuwa mara kumi.

Kuhusu wiki sita: usisome madaftari upya kutoka ukurasa wa kwanza. Fanya maswali 30 hadi 40 kwa siku, chini ya saa ya kuhesabu muda, na utumie muda mrefu zaidi kuyapitia kuliko ulioutumia kuyajibu, hata yale uliyopata, kwa sababu baadhi umeyapata kwa bahati. Kila unapokosa, andika mistari mitatu tu. Dalili gani niliiruka? Jibu langu lilinivutia kwa nini? Na ningelitekeleza jibu langu wodini, mgonjwa angepatwa na nini? Mstari wa tatu usiuruke hata ukiwa umechoka. Ndio unaogeuza kosa la karatasi kuwa mgonjwa unayemwona.

Kwa swali lako la wagonjwa wanne, mistari hiyo ingekuwa hivi. Niliruka neno "inambana". Nilivutwa na 90 kwa sababu sikujiuliza ni 90 ya nani. Ningekuwa nimesimama kwa mtu ambaye oksijeni yake inatosha, nikimwongezea asiyoihitaji, huku vitanda viwili kutoka hapo bandeji ya mbele ikiwa kavu na shuka la nyuma ya shingo likilowa.